Gari Halioni Mteremko Ulio Mbele

Kuna kazi moja ambayo kijana wa Soweto West, pale Kibera, anaweza kuipata bila ya mtaji wala mjomba serikalini, nayo ni kuendesha gari la mtu mwingine. Leseni ikishapatikana, mwenye gari naye hupatikana. Kijana hukabidhiwa ufunguo alfajiri, jioni hulirudisha gari pamoja na kiasi walichoafikiana, na kinachosalia ndicho chake. Tangu teksi za kuitwa kwa simu zilipoingia Nairobi mwaka 2015, riziki ya namna hii imewalisha wengi. Gari lenyewe aghalabu ni la Kijapani, lililokwisha kutumika kwao, likashushwa Mombasa kabla ya kutimiza miaka minane kama viwango vyetu vinavyodai, na gia zake ni za otomatiki.

Ni juu ya gia hizo ndipo ninapotaka kuandika leo, na hasa juu ya ile sehemu ya wenzo wa gia ambayo haiguswi. Kila dereva anaijua P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gia huru na D ya kwenda. Lakini kando ya D, au chini yake, kuna jambo jingine: pengine ni M yenye alama za kujumlisha na kutoa, pengine ni S, pengine B, pengine tarakimu 2 na herufi L, au kitufe kidogo ubavuni mwa wenzo kinachowasha taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Mwulize kijana aliyehitimu jana kazi ya vitu hivyo. Wengi watakujibu kwamba ni vya watu wa mashindano. Wengine watasema kwamba mwalimu aliwaonya wasiviguse kabisa.

Onyo hilo, kwa maoni yangu, ni kosa la ufundishaji, tena kosa linaloweza kugharimu roho.

Hebu tuanze na jinsi gari la otomatiki linavyochagua gia, kwa maana humo ndimo mna kiini cha mambo. Magari haya si mageni duniani. Kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilianza kuyauza kwa wingi yakiwa na gia za Hydra-Matic mwaka 1939. Tangu wakati huo hadi sasa, hata baada ya kompyuta kuchukua mahali pa vali na springi, uamuzi wa gia umeegemea hasa mambo mawili: gari linakwenda kasi gani, na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Dereva akikanyaga sana, gari huelewa kwamba anataka nguvu, likateremka hadi gia ya chini. Akiondoa mguu, gari huelewa kwamba ametosheka, likapanda hadi gia ya juu ili injini ipumue na mafuta yapone.

Katika barabara tambarare hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini tazama kinachotukia kwenye mteremko mrefu. Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta kwa sababu gari linakwenda lenyewe. Gari nalo linaona kwamba mguu umeondoka, basi linapanda gia ya juu kabisa. Kwa hiyo, palepale ambapo dereva anahitaji injini imsaidie kulishika gari, gari linamnyima msaada huo; linaachia. Halina nia mbaya. Haliwezi kuona kibao cha barabarani, wala kona iliyo chini, wala lori lililoharibika nyuma ya kona. Linajua lililokwisha kutokea tu, na mwenye macho ni dereva peke yake. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya karibuni yamefundishwa kuhisi mteremko na kushusha gia yenyewe, lakini hata hayo huanza kuhisi baada ya kuanza kushuka, na si yote yaliyomo mikononi mwa vijana wetu.

Sasa, mwalimu wa fizikia anayesoma ukurasa huu atanisamehe nikiingia shambani kwake. Chukua gari dogo pamoja na abiria wake, uzito kilo 1,300. Lishushe mita 300 za kimo. Zidisha uzito kwa mvutano wa ardhi na kwa kimo hicho, utapata karibu jouli 3,800,000. Nishati hiyo haipotei, ni lazima iende mahali. Kama gari halikuongeza kasi, na kama injini haikusaidia, basi sehemu yake kubwa imegeuka kuwa joto kwenye breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 11 hivi za maji ya mferejini, yaani zaidi ya nusu ya ule mtungi wa lita 20 ambao watu wa Kibera hununulia maji kila siku. Mwanafunzi na aufikirie mtungi huo ukitokota, kisha akumbuke kwamba joto lote hilo limebanwa ndani ya visahani vinne vya chuma visivyozidi upana wa sinia ya chai.

Breki zikipata moto kiasi hicho, mambo mawili hufuata. Kwanza, pedi hupoteza msuguano wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu ileile na gari lisipungue mwendo. Pili, na hili ndilo la kuogofya zaidi, mafuta ya breki huchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Lakini yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa, na yakishaufyonza, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140. Katika gari la kukodishwa lililokaa miaka bila ya mafuta hayo kubadilishwa, ni kiwango hiki cha pili kinachohusika. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubinyika. Kanyagio linazama hadi sakafuni kana kwamba halikuunganishwa na chochote.

Atasema mtu kwamba haya ni mambo ya malori ya Salgaa. Ni kweli kwamba kipande cha Salgaa hadi Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kimekuwa na jina baya kwa miaka mingi, na kwamba madereva wa malori wamelaumiwa mara nyingi kwa kushuka pale wakiwa wameweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ni kweli pia kwamba tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kudhibitiwa lilivamia watu na magari kwenye makutano ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sikusudii kulihukumu tukio lile hapa. Nalitaja kwa kuwa liliionyesha nchi nzima jinsi uzito unaoshuka usivyoombwa ukasimama. Lakini hesabu niliyoitoa hapo juu ilikuwa ya gari dogo, si ya lori.

Tena mteremko hauko mbali na Kibera. Wapo vijana wa Kawangware wanaolijua jina la Naivasha kwa sababu ya barabara ya mtaani kwao tu, ile Barabara ya Naivasha inayotokea Ngong Road. Nayo haina mteremko wa kutisha. Lakini mteja wa Jumapili akisema anataka kupelekwa Naivasha yenyewe kwa njia ya chini, dereva atafika ukingo wa Bonde la Ufa na kuanza kushuka ile barabara iliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita vikuu vya pili, wale waliojenga pia kanisa dogo lililo kando yake mwaka 1942. Huko chini ndiko Mai Mahiu, na jina hilo kwa Kikuyu maana yake ni maji moto. (Msomaji asidhani nimeuchagua mfano wangu wa mtungi kwa sababu hiyo, umejileta wenyewe.) Au mteja ataomba apelekwe Magadi. Barabara hiyo hupita Kiserian, kisha huteremka na kuteremka hadi ziwa la magadi lililo mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,700. Kijana aliyefunzwa baina ya Kibera Drive na Ngong Road, akiwa na leseni halali mfukoni, atazishuka njia hizo mguu wake ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba pana njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni rahisi. Kabla mteremko haujaanza, na wala si katikati yake, dereva apunguze mwendo kwa breki. Kisha ausogeze wenzo kutoka D hadi M, na auguse kuelekea alama ya kutoa mpaka tarakimu ya gia inayotosha itokee kwenye dashibodi, tuseme 3, na pakiwa pakali 2. Madereva wa zamani wa malori walikuwa na kipimo chao: shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho. Injini itapaza sauti, na dereva mgeni atashtuka akidhani anaiua. Haiui. Mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, kilango cha hewa hufungwa, na pistoni zinabaki zikivuta hewa isiyopatikana, kama mtu anayevuta pumzi huku amezibwa pua. Kazi hiyo ya bure ndiyo inayolishika gari. Kadiri injini inavyozunguka kwa haraka, ndivyo inavyolishika zaidi, na breki zikasalia baridi, zikiingojea ile dharura ambayo zilitengenezewa.

Gari lisilo na M halikunyimwa jambo hili. Tarakimu 2 na herufi L hulizuia lisipande juu ya gia hizo. Kitufe cha O/D kikizimwa huiondoa gia ya juu kabisa, na taa inayowaka si ya hitilafu kama wengi wanavyohofu. Katika magari yanayotumia mkanda wa chuma na kapi zinazopanuka na kusinyaa badala ya gia za meno, ambayo sasa ni mengi sana mitaani, tarakimu anazoziona dereva ni hatua za kubuni tu, kwani humo ndani hamna gia ya tatu wala ya nne. Lakini zinafanya kazi ileile. B, ambayo nimewahi kusikia ikielezwa kwamba ni ya kurudi nyuma kwa haraka, ni ya kuikaza injini ilishike gari mteremkoni. Watengenezaji nao hawakuafikiana hata juu ya upande: katika Mazda kuusukuma wenzo mbele hupunguza gia, ilhali katika Toyota nyingi kuusukuma mbele huongeza. Kwa hiyo dereva anayebadilishabadilisha magari asitegemee mazoea ya mkono. Na asome alama.

Zipo hoja za upande wa pili, na si zote za kupuuzwa. Nyepesi kuliko zote ni hii ya mafuta. Wanaosema kwamba gia huru hubana matumizi wanakumbuka injini za kabureta. Katika injini za kisasa, gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta huyakata mafuta karibu yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini hulazimika kunyweshwa ili isizime. Kwa hiyo anayeweka N ili abanie anapoteza breki ya injini, na mafuta nayo anayachoma.

Hoja nzito ni ya mafundi. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, fundi atakuambia kwamba pedi za breki ni rahisi na sanduku la gia ni ghali, sasa kwa nini ulichoshe lililo ghali ili kuliokoa lililo rahisi? Nakiri kwamba mjini fundi ana haki. Mtu anayeteremsha gia moja baada ya nyingine kila anapokaribia taa za barabarani, ili tu asikike, hana faida yoyote anayoipata. Breki ndizo za kusimamishia. Lakini swali la mteremko mrefu si la bei ya pedi. Hapo tunazungumzia breki ambazo hazitakuwepo zitakapohitajika. Wala si kweli kwamba hali hii ya kuchagua gia kwa mkono huvunja sanduku la gia. Kompyuta hukataa amri ya kipumbavu: ukitaka gia ya kwanza gari likiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, itakupuuza. Kinachoua masanduku haya ni kutia R au P kabla gari halijasimama, na kutia mafuta yasiyo yake, hasa kwenye yale magari ya mkanda ambayo yana mafuta yao maalumu.

Tahadhari mbili za kweli zipo, nazo nashangaa kwamba hazitajwi na wale wanaoipinga hali hii. Injini inapolishika gari, taa nyekundu za nyuma haziwaki. Anayekufuata hajui kwamba unapunguza mwendo, kwa hiyo gusa breki kidogo ili umjulishe. Na barabara ikiwa na utelezi, kama zilivyo njia za Soweto West wakati wa mvua za masika, kuteremsha gia mbili kwa ghafla kunaweza kuyafanya magurudumu yateleze. Teremsha moja moja. Katika tope hilohilo, kwa upande mwingine, magari kadhaa hukubali kuondoka kwa gia ya pili ukiyaamuru kwa mkono, na magurudumu yakashika polepole badala ya kuchimba shimo.

Yote haya yangefundishika katika kipindi kimoja. Iweje basi hayafundishwi? Jibu langu ni kwamba tumeichukua leseni ya otomatiki kuwa leseni ya kutojua gia. Kanuni zetu humruhusu mtu kujifunza na kutahiniwa kwa gari la otomatiki pekee. Sina ugomvi na hilo. Japani yenyewe, yanakotoka magari haya, ilianzisha leseni ya namna hiyo mwaka 1991. Lakini mwanafunzi wa gia za mkono, apende asipende, hujifunza kwamba gia huchaguliwa kulingana na ardhi. Mwenzake wa otomatiki huambiwa kwamba jambo hilo limekwisha kushughulikiwa. Kilichoshughulikiwa ni klachi. Uchaguzi wa gia mteremkoni haukuwahi kuondolewa mikononi mwa dereva, na ndiyo maana watengenezaji wakaacha vifaa vya kumwezesha kuufanya.

Kisha kuna ule ubao. Vizazi vya madereva wa Kenya vimefundishiwa na kutahiniwa juu ya ubao wenye mji wa mfano, ambapo mwanafunzi huendesha kigari cha kuchezea kwa vidole akionyesha jinsi ya kuingia mzunguko na kuegesha. Ubao una manufaa yake, na sitaki kuudharau. Lakini ni bapa. Mji ule hauna Bonde la Ufa. Mwanafunzi anaweza kuujua wote kwa moyo, akapasi, asikutane hata na sentimita moja ya mteremko.

Ninachowaomba walimu wa udereva ni kitu kidogo. Katika vipindi ambavyo mwanafunzi amevilipia, kimoja kifanyike penye mteremko wa kweli, gari likiwa katika gia iliyochaguliwa kwa mkono, na mwanafunzi ashuke mara mbili: mara ya kwanza kwa D, mara ya pili kwa gia ya chini, ili auone mguu wake ulivyohangaika mara ya kwanza na ulivyotulia mara ya pili. Mtahini naye aulize swali moja tu: aelekeze kidole kwenye wenzo na kusema, nifafanulie kila alama iliyo hapa. Asiyeweza kufafanua hajamaliza masomo. Na walimu wa shule za upili wanaosaka mifano ya nishati ya kimo, ambao kila mwaka huwapa wanafunzi tofali linaloanguka kutoka ghorofani, wawape gari linaloshuka Mai Mahiu. Darasani humo wamo watakaoendesha kabla hawajaajiriwa kwa cheti chochote kingine.

Ama dereva ambaye tayari yuko barabarani, naye hakupata kufundishwa haya, si lazima angoje mtaala ubadilishwe. Aketi ndani ya gari lililosimama mahali tambarare, injini ikiwaka na mguu ukiwa juu ya breki, aupitishe wenzo katika kila alama iliyo mbele ya D na atazame dashibodi inaandika nini. Kisha ajaribu kwenye mteremko mfupi usio na magari mengi. Na ikiwa yuko katikati ya mteremko mrefu tayari, akasikia harufu ya kuungua au akaona kanyagio limelegea, ateremshe gia moja, angoje gari litulie, ateremshe nyingine, na atafute mahali papana pa kusimama kando ya barabara. Akishasimama, auzuie mlima kwa jiwe chini ya gurudumu, asimwage maji kwenye breki kwa sababu chuma chenye moto hupasuka, na awaombe abiria washuke wapunge hewa kwa muda wa nusu saa.